Kuharakisha Kompyuta Kupita Kiasi, na Joto la Kwetu

Wenzangu wengi wamenijia muhula huu wakiuliza kama ni kweli kwamba kompyuta yaweza kufanywa iende kasi kuliko ilivyotoka kiwandani, bila ya kununua kitu cho chote. Ni kweli. Mafundi huliita jambo hilo ovakloki, na wako watu duniani walioligeuza kuwa mashindano. Lakini mtu wa Chikongola akitaka kulifanya, yampasa ajue jambo moja ambalo mtu wa London aweza kulipuuza, nalo ni joto. Hilo ndilo nitakalojaribu kulieleza.

Ndani ya kila kompyuta mna prosesa, ambayo ndiyo ifanyayo hesabu zote. Ni kipande cha silikoni kilicho kama ukucha wa kidole gumba kwa upana, nacho kimejaa vijiswichi vidogo mno viitwavyo transista, ambavyo katika prosesa za siku hizi hufika mabilioni. Vijiswichi hivyo hufunguka na kufunga kwa kufuata mapigo, kama wapiga makasia wafuatavyo sauti ya mmoja wao. Mapigo yenyewe hutokana na kijiwe kinachotetemeka kwa umeme. Katika kompyuta nyingi pigo la msingi ni milioni 100 kwa sekunde, na prosesa huzidisha hiyo kwa namba iliyowekewa. Ikiwa namba ni 36, tunapata mapigo bilioni 3.6 kwa sekunde, yaani gigahezi 3.6. Kuharakisha ni kuingia katika ukurasa wa matengenezo uitwao BIOS, wakati kompyuta inawaka, na kubadili ile 36 iwe, tuseme, 42.

Mtu atauliza, kwa nini kiwanda hakikuweka 42 tangu mwanzo? Kwa sababu prosesa hazitoki zote sawa. Kiwanda huandika kasi ambayo kina hakika kwamba kila moja itaimudu, hata ikikaa pabaya. Hivyo baadhi yake hubakiwa na nguvu zisizotumika. Mfano mashuhuri ni Celeron 300A ya Intel, iliyotoka mwaka 1998. Iliuzwa kwa kasi ya megahezi 300, lakini watu waligundua kwamba wakiinua pigo la msingi kutoka 66 hadi 100, nyingi zao hufika 450 bila ya manung'uniko. Nadhani habari za prosesa ile moja ndizo zilizowatia vijana wengi tamaa mpaka leo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye jambo. Prosesa ikiharakishwa sana hukosea, kwa kuwa vijiswichi havipati muda wa kutulia kabla ya pigo linalofuata. Dawa yake ni kuiongezea volti ili vijiswichi viende upesi. Lakini umeme unaoliwa na prosesa, ambao wote hugeuka joto, hukua sawasawa na mapigo, na pia hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Tuseme tumetoka 3.6 tukaenda 4.2, na volti zimetoka 1.20 zikawa 1.35. Kasi imeongezeka kwa 17 kwa mia hivi. Volti zimekuwa mara 1.125, na kipeo chake cha pili ni karibu 1.27. Zidisha kwa ongezeko la kasi, utapata karibu 1.48. Yaani kwa faida ya 17 tumelipa joto la 48. Prosesa iliyokuwa ikila wati 95 sasa yala 140. Ni kama lori la korosho linaloshuka kutoka Newala: ukizidisha mwendo kidogo, breki hupata kazi kuliko ulivyodhani.

Joto hilo litakwenda wapi? Juu ya prosesa hukaa kipande cha alumini au shaba chenye mapezi mengi membamba, na juu yake feni. Kazi ya mapezi ni ile ile ya kisahani cha chai. Mzee akiona chai ni ya moto huimimina katika kisahani, ienee, iguse hewa nyingi, ipoe upesi. Mapezi huyaeneza joto la ukucha mmoja juu ya eneo kubwa, na feni huleta hewa mpya. Kati ya prosesa na chuma hupakwa grisi nyeupe au ya kijivu ya kupitisha joto, kwa sababu vyuma viwili vilivyolala pamoja huacha mianya ya hewa, na hewa ni mbaya kwa kupitisha joto.

Lakini feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba chenyewe. Hata ile mitambo ya kupozea kwa maji inayopendwa sana siku hizi haiwezi, maana maji nayo hupozwa na hewa ile ile. Basi chukua prosesa ambayo, ikifanya kazi yake yote, huwa moto kuliko chumba kwa nyuzi 50. Katika chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya itafika 70. Katika chumba cha nyuzi 32, kama vyumba vyetu vya mwezi wa Januari, itafika 82. Zote mbili ni salama. Sasa iharakishe kama tulivyofanya juu. Zile 50 zitakuwa 74. Ulaya itafika 94 na itapona. Kwetu itafika 106, na prosesa nyingi zimewekewa mpaka wa nyuzi 100 au chini yake. Ikifika hapo hujipunguzia mapigo yenyewe ili isiungue. Hivyo mtu ameharakisha kompyuta yake, nayo inakwenda polepole kuliko jana!

Mwenzetu mmoja alishauri tuizungushie barafu. Tazama chupa ya soda baridi inavyotoka jasho hapa pwani. Ndivyo na mazabodi itakavyotoka jasho, na maji na umeme havipatani. Wale wa mashindano humimina naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, nao hujikinga na jasho hilo kwa uangalifu mwingi. Kwa njia za namna hiyo prosesa ya AMD ilifika gigahezi 8.4 mwaka 2011, na mwaka 2022 prosesa ya Intel ikavuka 9. Lakini mashine hizo hukimbia kwa dakika chache tu. Hakuna aandikaye barua juu yake.

Hatari nyingine ni ya kimya, nami naiogopa kuliko ile ya kuungua. Prosesa iliyosukumwa mno yaweza kukosea hesabu moja tu katika mabilioni, na hilo kosa likaingia katika faili. Leo huoni kitu. Wiki ijayo kazi yako haifunguki. Tena volti nyingi pamoja na joto husogeza chembe za chuma ndani ya nyaya nyembamba za prosesa, kidogo kidogo, hata waya ukatike. Na dhamana ya kiwanda huenda ikafutika.

Kwa hiyo chama chetu cha kompyuta kilipojadili kama tuziharakishe kompyuta za shule, mimi nilikataa. Wenzetu wa Kidato cha Nne wanaosoma somo la kompyuta hawana chumba kingine cha kujifunzia, na zikiharibika mbili tu, watu watakaa watatu watatu. Wengine waliniita mwoga. Lakini tulipofungua moja tukakuta hata njia haipo: prosesa yake ni ya Intel isiyo na herufi K mwishoni mwa jina, na hizo kwa kawaida zimefungwa zisibadilishwe namba. Wazazi wanaonunua kompyuta za ofisini zilizokwisha tumika wafahamu hivyo, wasije wakalipa fedha kwa fundi aahidiye kuziharakisha.

Tulichokuta ndani ya ile kompyuta ni vumbi kama blanketi, na grisi iliyokauka ikawa unga. Hapo ndipo palipokuwa na kasi yetu iliyopotea. Prosesa nyingi za Intel tangu mwaka 2008 hujiharakisha zenyewe zikiona kuna nafasi ya joto, na hujipunguza zikiona hakuna. Kwa hiyo anayepoza, anaharakisha, wala hakuna volti iliyoongezwa. Tulipiga brashi mapezi, tukafuta grisi ya zamani kwa spiriti, tukapaka mpya kiasi cha punje ya mchele, tukaisogeza meza mbali na dirisha la jua. Feni iliyokuwa ikilia siku nzima ikanyamaza.

Anayetaka kufanya hivyo nyumbani achomoe waya kwanza. Azuie feni kwa kidole anapoipuliza, isizunguke ovyo ikaharibika. Asifungue kabisa lile sanduku la pawa saplai, ijapokuwa mijusi kafiri hupenda kutaga humo, maana hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Karibu na bahari atazame pia kutu ya kijani kwenye viungo vya shaba. Na kama kompyuta bado ni nzito baada ya hayo, fedha zake aziweke katika kuongeza RAM au kununua diski ya SSD. Kwa kazi zetu za shule ataona tofauti kubwa kuliko gigahezi yo yote.

Chama hukutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha kompyuta. Mwenye mashine yenye joto na ailete, pamoja na brashi laini ya kupakia rangi, kwa kuwa tuliyo nayo ni moja.