Kabla ya Kufunga Tabo

Mwenye Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya lita 1.6, hufika siku akaona gari lake limepoa. Mlimani linapitwa hata na gari la familia. Ndipo linapokuja swali: nifunge tabo, au niliuze ninunue jingine? Mimi humwambia kwanza tuangalie matairi.

Inama usome ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho zinaonyesha tairi lilitengenezwa lini: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Magari haya mengi hutoka wikiendi tu, kwa hiyo kashata hubaki nzima huku mpira umeshakuwa mgumu kama kwato. Sasa kandamiza kona ya gari juu ya gurudumu, kisha uachie. Shokamzoba iliyo hai huinuka mara moja ikatulia. Ikinesanesa, imekufa. Na bushi zilizofungwa kiwandani miaka ya tisini mwanzoni, kama hazijawahi kuguswa, mara nyingi zimekauka na kupasuka.

Gari hili lilipoonyeshwa Chicago mwaka 1989, kiongozi wa mradi wake, Toshihiko Hirai, alikuwa amelikusudia liwe na dereva wake kama farasi na mpandaji: mwili mmoja. Hata boneti ilifanywa ya alumini ili kupunguza uzito. Raha hiyo inapita kwenye matairi, shokamzoba na bushi. Zikichoka, mtu hulaumu injini bure. Zibadilishe, pima alaimenti, kisha liendeshe mwezi mzima. Wengi huishia hapo, nami hufurahi nao.

Kwa anayetaka zaidi, tupige hesabu. Mazda hiyo ina takriban kilo 940 na nguvu za farasi 115, yaani farasi 122 kwa kila tani. Lotus Elise ya mwaka 1996, yenye kilo 725 hivi na farasi 118, inapata 163. Ili Mazda iifikie, inahitaji farasi kama 153. Tabo inaweza kuzitoa. Kazi iko kwenye vinavyofuata. Difu ya ile 1.6 ni ndogo, ya inchi 6, na ndiyo huanza kulia; Mazda walipoleta injini ya lita 1.8 mwaka 1993, walifunga difu ya inchi 7. Kuihamishia kwenye gari lako kunadai shafti zake pia. Kisha klachi, rejeta, breki. Ukishalipa yote hayo, kwenye kona bado unabeba kilo zilezile 940.

Zile kilo 215 za tofauti hazipunguzwi gereji. Elise ilizaliwa nyepesi, chesisi yake ni ya alumini iliyounganishwa kwa gundi. Anayetamani wepesi huo auze tu. Anayetaka mbio za barabara iliyonyooka naye auze, anunue gari lililotoka kiwandani na nguvu zake. Tabo namwachia yule anayeipenda kazi yenyewe, wa kukesha na spana mkononi.

Ukienda kuitazama Elise hiyo ya kwanza, kumbuka injini yake ni ya Rover, inayojulikana kwa kuunguza gasketi ya silinda hedi. Omba uikute ikiwa baridi, kabla mwenyewe hajaiwasha. Fungua kifuniko cha oili ugeuze. Ukikuta uji wa rangi ya chai ya maziwa, kifunge, mshukuru mwenye gari, urudi kwenye Mazda yako.