Nani anamwaza nani? Maneno matatu ya wimbo "Malaika" masikioni mwa wasikilizaji

Wimbo "Malaika" unajulikana na karibu kila mtu anayesema Kiswahili, na hata na wengi wasiokisema. Lakini wanaoupenda hawapatani juu ya yale unayoyasema. Majuzi, baada ya somo la sarufi, tulikaa uwanjani watu sita tukausikiliza kwenye simu ya mwenzetu. Mabishano yaliyofuata yalidumu kuliko somo lenyewe. Nayaeleza hapa kwa sababu kila upande ulileta hoja ya lugha, si hoja ya kupenda au kutopenda tu. Maneno matatu ndiyo yaliyotugawa: nomino moja na vitenzi viwili.

Kwanza wimbo wenyewe. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamoja na kundi lake, Jambo Boys. Jina la mtunzi limebishaniwa kwa muda mrefu. Adam Salim, Mtanzania, alidai kwamba ni wake. Kisha wimbo ukasafiri. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965, Boney M. wakautoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akauweka katika albamu yake Logozo ya 1991. Habari yake ni fupi. Kijana anamwita mpenzi wake malaika. Angependa kumwoa, lakini hana mali. Karibu na mwisho anamwita kidege, na kumtajia jambo la kuwaza.

Tuanze na neno mali. Mwenzetu aliyesoma sekondari Kigoma, Tanzania, alisema kijana analia umaskini tu: hana utajiri, hana nyumba, hana kazi. Sisi wengine, tuliokulia Lubumbashi, tulishangaa. Kwetu mtu akisema "balileta mali" akizungumzia jamaa ya mchumba, hakuna anayefikiria utajiri kwa jumla. Tunaelewa kwamba dote imefika kwa wazazi wa binti. Katika Kiswahili sanifu kuna maneno mawili, na yote mawili yana asili ya Kiarabu: mali, yaani vitu alivyo navyo mtu, na mahari, yaani kile kinachotolewa ili kuoa. Katika usemi wetu neno la kwanza limeibeba pia kazi ya la pili. Kwa hiyo msikilizaji wa Tanzania anasikia sababu ya mbali: huyu ni maskini, ndiyo maana haoi. Msikilizaji wa Lubumbashi anasikia sababu ya karibu: kuna kitu kinachodaiwa, na hakijalipwa. Hata Sheria yetu ya Familia ya 1987, katika kifungu cha 361, inataka mwanamume na jamaa yake wapatane na wazazi wa mchumba wake kuhusu mali au fedha zitakazokuwa dote. Kwa masikio yetu, basi, wimbo huu uliotoka Afrika Mashariki unaingia moja kwa moja katika kikao cha jamaa mbili.

Neno la pili ni kitenzi kuoa. Dada mmoja kati yetu aliuliza: "Kama Makeba ni mwanamke, anamwoa nani?" Swali lilituchekesha, lakini lina uzito. Katika Kiswahili mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Sarufi imegawa kazi kati ya kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Makeba na Kidjo hawakugeuza kitenzi hicho. Mmoja wetu akasema hilo ni kosa la watu ambao Kiswahili si lugha yao. Mimi sikubali. Mwimbaji anaweza kuazima kinywa cha mtu mwingine, kama msimulizi wa hadithi anavyosema kwa sauti ya sungura kisha kwa sauti ya fisi. Tena kitenzi kikigeuzwa kuwa cha kutendwa, wimbo unaharibika, kwa sababu kwa desturi anayeolewa si yeye anayetafuta mali. Kauli ya kutenda ndiyo inayobeba deni. Dada yule alijibu kwamba yeye, akimsikia mwanamke akiimba hivyo, anasikia mwanamke anayemsikitikia kijana wake na kuyarudia maneno yake. Sarufi haimzuii kusikia hivyo.

Neno la tatu ndilo lililotukalisha mpaka jua likazama. Ni kitenzi kuwaza, pale kijana anapomwita kidege. Kama kinavyoimbwa mara nyingi, kitenzi hicho kinaanza na hu-, kisha -ku-, kisha mzizi. Viambishi hivyo vinaweza kufasiriwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza: hu- ni ya mazoea na -ku- ni ya mtendwa "wewe". Maana yake ni kwamba kijana humwaza mpenzi wake kila mara. Njia ya pili: hu- ni ya kukanusha nafsi ya pili na -ku- ni ya wakati uliopita. Hapo maana inageuka kuwa lawama: wewe hukufikiri. Mkazo hausaidii kuzitenganisha, kwa kuwa katika njia zote mbili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ni sawa na neno hukuona: "mimi hukuona sokoni kila Jumamosi" na "wewe hukuona kitu" yanatumia umbo lile lile.

Watu wanne kati yetu walisikia lawama. Je, hawajui Kiswahili? Hapana. Katika Kiswahili cha Lubumbashi hu- ya mazoea haitumiki. Sisi huweka -aka mwishoni: "nakuwazaka". Na tukikanusha tunasema "haukuwaza", mara nyingi bila kuitamka h. Kwa hiyo umbo la wimbo si letu kwa upande wowote. Tunalipokea kwa sarufi tuliyofundishwa shuleni, na katika mazoezi ya shule wengi tulikutana na ukanushi mapema na mara nyingi kuliko hu- ya mazoea. Sikio linashika kile lilichozoeshwa.

Kwa maoni yangu, mazoea ndiyo maana iliyokusudiwa. Nina sababu tatu. Vitenzi vingine vya wimbo vinasema juu ya hali ya sasa au hali inayotamaniwa. Kitendo kimoja cha zamani, kilichokanushwa, kingekaa peke yake bila mwenzake. Tena, baadhi ya watu wanaoandika maneno ya wimbo huweka na- mahali pa hu-, na na- haiwezi kukanusha. Mwisho, kama kijana angetaka kulaumu kwamba yeye hakufikiriwa, tungetazamia kumsikia akijitaja kwa -ni-: hukuniwaza.

Hata hivyo hoja hizi hazikumaliza mazungumzo, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Kati yetu alikuwamo kaka mmoja ambaye jamaa ya mchumba wake imekwisha kumpa orodha ya dote. Alikuwa amenyamaza muda wote. Tulipomuuliza yeye anasikia nini, alisema: "Vyote viwili. Nikiitazama ile orodha, nasikia kwamba hawakufikiri. Usiku nasikia nakuwazaka." Hakuna aliyecheka.

Jibu lake linaeleza, nadhani, kwa nini wimbo huu unapendwa mahali pengi hivi. Maneno yake ni machache na ya kila siku: mali, kuoa, kuwaza. Hakuna fumbo la kishairi linalohitaji mwalimu. Lakini kila neno linaacha mlango wazi, na kila msikilizaji anaingia na lahaja yake, desturi ya kwao, na shida yake. Ile -nge- ya sharti inafanya kazi kubwa zaidi: katika kitenzi kimoja inaweka nia na kizuizi. Mtu anayesema kwamba angeoa amekwisha kusema kwamba haoi.

Sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika huwa tunatafuta data mbali, katika vitabu na katika vijiji tusivyovijua. Mabishano ya wapenzi wa wimbo ni data pia, nayo yako uwanjani petu. Anayetaka kujaribu na afanye hivi: amsikilizishe nyanya yake, kisha jirani aliyetoka Bukavu, kisha mtoto wa shule, aulize swali moja tu: "Hapo kwenye kidege, nani anamwaza nani?" Aandike jibu kama lilivyosemwa, bila kulisahihisha. Kisha atuletee tulilinganishe na yetu.