Kondoo Dorper: Chotara aliyehitaji chama ili abaki Dorper

Ukipita soko la mifugo Kajiado, Kenya, kondoo mweupe mwenye kichwa cheusi hakosekani. Wengi humwita Dorper, hata kama damu hiyo anayo robo tu.

Dorper asili yake ni Afrika Kusini. Miaka ya 1930 nchi hiyo ilikuwa na nyama ya kondoo ya ziada, ila soko la Smithfield jijini London halikuivutiwa. Kondoo wao wa mkia mnene walijaza mafuta mahali pasipotakiwa. Idara ya kilimo ikaanza kuchanganya mbegu. Walioshinda ni Dorset Horn wa Uingereza, anayekua haraka na kujaa nyama, na Blackhead Persian, mvumilivu wa ukame. Dor na Per, jina likapatikana.

Huyo "Persian" wala hakutoka Uajemi. Ni kondoo wa Kisomali, yule yule anayefugwa Garissa na Wajir, aliyefika kusini kwa meli karne ya 19.

Matokeo yalikuwa mazuri. Mwanakondoo akitunzwa vizuri hufikisha kilo 36 hivi akiwa na miezi mitatu na nusu hadi minne, na hakuna haja ya kumnyoa, sufu hupukutika yenyewe.

Lakini chotara ana mambo yake. Kizazi cha kwanza hufanana. Ukiwapandisha wenyewe kwa wenyewe, kizazi cha pili kila mmoja huja na lake: huyu mnene, yule mwembamba, mwingine ana pembe. Ili mbegu itulie, wafugaji wengi lazima wachague kwa kipimo kimoja kwa miaka mingi. Kazi hiyo ilihitaji chama, na kikaundwa mwaka 1950.

Chama kiliweka vigezo: umbo, ukubwa, mafuta yanavyokaa mwilini, sufu, rangi. Wakaguzi hupitia kundi na kupanga madaraja. Rangi ndiyo iliyowagawa watu, maana wapo waliopenda kichwa cheusi na wapo waliozalisha weupe mwili mzima. Hatimaye weupe nao wakatambuliwa kwa jina la White Dorper. Kwa mla nyama, mabishano hayo hayana maana yoyote.

Kenya mambo yalikwenda tofauti. Katikati ya miaka ya 1970 kondoo dume wa Dorper walisambazwa kwa wafugaji kwa ruzuku. Madume walifika, maelekezo hayakufika. Hakuna aliyewafundisha wafugaji namna ya kuendeleza uchotara bila kupoteza mbegu ya nyumbani, kwa hiyo wengi wakapandisha Dorper, kisha Dorper tena, mpaka Red Maasai akaanza kuyeyuka.

Na Red Maasai ana kitu ambacho Dorper hana. Utafiti uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990 ulionyesha kuwa anastahimili minyoo ya tumbo kuliko Dorper, na wanakondoo wake hufa kidogo zaidi. Watafiti walipowatafuta Red Maasai halisi Kenya na kaskazini mwa Tanzania, waliwapata wachache sana.

Kwa anayenunua dume leo, cha kuuliza kwanza ni karatasi za usajili, sio rangi ya kichwa. Na kama zizini bado kuna majike wa Red Maasai, asiwapandishe wote kwa Dorper. Wakiisha, hajui atawapata wapi tena.