Tulipanda miche 600, tukasahau maji

Ukiniona kwenye picha mitandaoni utadhani maisha ni mteremko. Tisheti ya kijani, gambuti miguuni, mche mkononi, na nyuma yangu watoto wa mtaa wanacheka. Beshte wangu mmoja kila akiziona huniuliza, "Msee, hiyo kazi ya miti inalipa kweli?"

Inalipa, ila si vile anavyodhani. Wacha niwaeleze.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kutushinda nyumbani. Nilichobaki nacho ni simu, blogu iliyosomwa na watu wachache, na mdomo. Februari 2024 nikasikia kuna shirika dogo la mazingira hapa Nairobi linatafuta kijana wa kupiga picha na kuandika. Hawakuniuliza cheti. Waliniuliza kama naijua Mathare. Nikawaambia nimelelewa Huruma, Mathare nakatiza kwa miguu. Wakanipa kandarasi ya miezi sita, shilingi 25,000 kwa mwezi, na imekuwa ikiongezwa hivyo hivyo, miezi sita baada ya miezi sita.

Makaratasi kwanza, mto baadaye

Wengi wenu mnafikiri kazi ya NGO ni kushinda nje na jembe. Nusu ya kazi ni makaratasi. Kila shilingi ya mfadhili lazima iwe na risiti. Sasa jamaa wa bodaboda risiti atatoa wapi? Unaandika kwenye karatasi, anatia sahihi, anakucheka, anawasha pikipiki anaenda. Kila mkutano una orodha ya waliohudhuria, na nambari za simu. Kabla ya kugusa ukingo wa mto lazima umwone chifu, kisha wazee wa nyumba kumi, kisha vijana wa base. Ukiwaruka hao wa mwisho, usishangae ukikuta miche yako imeng'olewa usiku.

Nusu ya pili ndiyo mto wenyewe. Siku yangu ya kwanza kuzoa taka Mto Mathare sikula chakula cha jioni. Tulitoa nepi, viatu vya mguu mmoja, vitambaa vya mitumba vilivyojisokota kama kamba, na mifuko ya plastiki. Mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Lakini mto bado unaitapika. Ukishinda hapo na reki siku nzima unajua sheria ni kitu kimoja na mtaa ni kitu kingine.

Hapa ndipo kitanda changu kilikuwa

Aprili 2024 mvua ikaja. Mnakumbuka. Mathare ilifunikwa na maji usiku, watu wakafa, wengine wakalala shuleni na makanisani. Baadaye serikali ikasema hakuna mtu kuishi ndani ya mita 30 kutoka kwa mto, na matingatinga yakaja kubomoa kilichobaki.

Novemba, mvua za vuli zilipoanza, sisi tukafika pale palipobomolewa na lori la miche 600. Mianzi mingi, na miti mingine ya kienyeji. Tulikuwa na bango, tisheti, spika na maji ya chupa ya wageni.

Nilikuwa nachimba shimo mama mmoja aliposimama mbele yangu. Huuza mboga juu ya barabara.

"Kijana wangu," akasema, "unajua hapo unapochimba ni wapi?"

Nikamwambia hapana, mathe.

"Hapo ndipo kitanda changu kilikuwa."

Sikujua la kusema. Nikasimamisha jembe. Akaniuliza mambo mawili zaidi. La kwanza, kwa nini tumeleta mianzi isiyoliwa badala ya avokado. La pili, nani atamwagilia tukienda. Nikamjibu kwamba kuna mpango. Mpango haukuwepo. Bajeti ilikuwa na kifungu cha tisheti na kifungu cha bango, lakini haikuwa na hata senti ya mtungi wa maji, na pale maji hununuliwa.

Wengine walitutazama kwa mbali bila kukaribia. Mzee mmoja aliniambia wazi kwamba watu wanaona sisi na matingatinga ni kitu kimoja: wao hubomoa, sisi tunakuja kupanda ili wasirudi. Hilo halikuingia kwenye ripoti yoyote.

Mimi ndiye niliyeandika 600

Januari 2025 serikali ya Marekani chini ya Rais Donald Trump ikasimamisha misaada ya nje. Mradi wetu wa mto ulikuwa wa mfadhili mwingine, lakini ofisini kulikuwa na mradi uliotegemea pesa hizo. Wenzangu wanne walienda nyumbani wiki moja. Wote walikuwa na digrii. Mimi nisiye nayo nikabaki, na kila mlango ukifunguliwa nadhani ni zamu yangu.

Februari nikatumwa kupiga picha za ripoti. Jua lilikuwa kali. Nilitembea ukingo wote nikihesabu, nikarudia mara mbili kwa sababu sikuamini. Miche 140 ndiyo iliyokuwa hai. Mingine ilikauka, mingine ililiwa na mbuzi, mingine iliungua watu walipochoma taka.

Nikamwambia bosi. Akavuta fomu ya mfadhili, akaniwekea kidole kwenye swali: miche mingapi imepandwa? "Wameuliza iliyopandwa," akasema. "Tulipanda 600. Huo ni uongo?"

Haukuwa uongo. Nikaandika 600. Nikachagua picha ya mwanzi mmoja uliositawi, nikaikata pembeni ili usione mashimo matupu. Jioni hiyo nilipanda matatu ya kwenda nyumbani nikijua vizuri nilichofanya. Kodi ya nyumba ilikuwa ya tarehe tano.

Aprili wageni wa mfadhili wakaja kuona. Bosi alikuwa amepanga tusimame pale kwenye ule mwanzi, tupige picha, twende. Lakini mgeni mmoja, dada Mkenya, akamwona yule mama wa mboga akiwa na ndoo akimwagilia. Akamuuliza, "Mama, hii miti inaendeleaje?"

"Ile iliyobaki iko sawa," mama akajibu. "Ile ingine ilikufa. Hakuna aliyerudi."

Kisha akawaonyesha kila shimo. Miche 11 iliyo hai karibu na palipokuwa kwake, yeye ndiye alikuwa akiimwagilia kwa maji ya kuoshea mboga. Hakuna aliyemlipa. Hakuna aliyemjua kwa jina isipokuwa mimi, na mimi sikuwa nimemwandika popote.

Tukarudi garini. Hakuna aliyetoa neno mpaka Pangani. Ndipo yule dada akageuka akaniuliza, "Wewe ndiye uliandika ripoti?" Nikasema ndiyo. Nikamweleza hesabu yangu ya Februari, bosi akiwa ameketi pale pale. Nilidhani nimejifuta kazi.

Sikufutwa. Tuliambiwa tuandike upya, na nambari zote mbili. Pesa za tisheti za awamu ya pili zikageuzwa kuwa malipo ya watu wanane wa mtaa wa kumwagilia na kulinda. Yule mama ni mmoja wao. Safari hii kuna avokado 30.

Kwa hivyo, inalipa?

Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa hata likizo ya kitaifa tukapande. Ni sawa. Lakini Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, wanawake walipewa kitu kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila uliopandwa. Mambo haya yalijulikana kabla sijazaliwa.

Kama unaitaka kazi hii, jua kandarasi ni fupi na mshahara huchelewa mfadhili akichelewa. Cheti husaidia, ila kuujua mtaa na kuandika vizuri kunaweza kukufungulia mlango. Anza na kikundi cha vijana kilicho karibu nawe, maana wao ndio hubaki gari la ofisi likishaondoka. Na siku utakayopewa fomu yenye swali moja tu, ongeza la pili kwa mkono wako.

Kandarasi yangu inaisha mwezi ujao na sijaambiwa lolote. Jumamosi nitashuka mtoni hata hivyo. Mama alinipigia juzi kusema kuna mbuzi mpya mtaani, na ua wa avokado umelegea.