Binti Anapotaka Kusoma Sayansi ya Tabia

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nyumba nyingi hapa Ilomba huwa na mashauri mazito. Baba anataka binti akasome sheria au uhasibu. Mama anaona ualimu ndiyo kazi ya uhakika. Naye binti anasema anataka kusomea saikolojia na ushauri nasaha katika chuo kikuu cha Kikristo. Hapo wazazi hutazamana. Ni masomo gani hayo? Yatampatia ugali? Na je, hayatamwondoa katika imani?

Maswali hayo ni ya haki, maana ada ni jasho la mahindi, viazi na biashara ndogo sokoni. Tuyatazame moja moja.

NI MASOMO GANI?

Sayansi ya tabia huchunguza kwa nini mtu hutenda kama anavyotenda, hujifunzaje mazoea na huyaachaje. Mfano upo kliniki. Mtoto aliyechomwa sindano mwezi uliopita huanza kulia mara aonapo koti jeupe, hata kabla hajaguswa. Huo si ukaidi. Akili yake imeunganisha koti na maumivu. Mrusi Ivan Pavlov alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa kuchunguza mbwa waliotokwa na mate walipopata ishara tu kwamba chakula kinakuja. Basi mama anayesema, "Nyamaza, nitamwita nesi akuchome sindano," anamfundisha mwanawe hofu. Siku mtoto akiugua kweli, kumtibu huwa vita.

Masomo haya si ya Wazungu peke yao. Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anawatembelea akina mama 26 na watoto wao wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake huthubutu kutambaa mbali na kuchezea vitu, kisha humrudia mama akiogopa. Aliona pia kwamba mama aliyeweza kueleza habari za mwanawe kwa undani, mara nyingi mwanawe alikuwa na utulivu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na hadi leo wanafunzi wa saikolojia duniani husoma mambo yaliyoonekana kwa akina mama hao wa Uganda.

JE, IMANI ITAPOTEA?

Danieli na wenzake walifundishwa elimu ya Wakaldayo katika jumba la mfalme, na bado hawakumwacha Mungu wao. Elimu haimfukuzi Mungu. Tena kanisa lenyewe linaihitaji.

Mfikirie mama aliyejifungua karibuni. Analia kila siku, halali hata mtoto anapolala, na hamfurahii mtoto aliyemwomba kwa Mungu. Wapo watakaosema ana pepo au amepungukiwa imani. Hiyo yaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, ugonjwa unaotibika. Asipotambuliwa mapema, maisha yake na ya mtoto yamo hatarini. Tumwombee, na tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Je, katika usharika wako ni nani angetambua tofauti? Binti aliyesoma vizuri na anayesali angekuwa msaada mkubwa.

WAPI, NA KWA GHARAMA GANI?

Kutoka kwetu, basi la kupitia Uyole, Makambako na Mafinga humfikisha binti Iringa. Huko kipo Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini na kujitegemea mwaka 2013. Hufundisha saikolojia ya ushauri nasaha. Nchini Kenya kuna Daystar, chuo kikuu cha Kikristo kilichopata hati yake mwaka 1994.

Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisheni kwamba chuo na kozi vimetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Ulizeni pia kuhusu Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ulizeni chuo kinawapeleka wanafunzi wapi kufanya mazoezi, na waliohitimu wanafanya kazi gani. Wapo wanaofanya kazi shuleni, hospitalini na katika mashirika ya watoto. Hata hivyo ajira haingoji mlangoni, na binti aambiwe hivyo mapema.

Mwisho, mama, wewe unamjua mwanao kuliko chuo chochote. Je, anaweza kusikiliza bila kumkatiza mtu? Akiambiwa siri, inabaki kwake? Je, huvumilia mtu anayerudia kosa lile lile? Kama sivyo, hata shahada haitamfanya mshauri. Kama ndivyo, keti na baba yake, mwombe pamoja, mpige hesabu ya ada, na mmsikilize binti mpaka amalize.