Moyo wa kima, sharubu ya simba: dawa za ajabu katika hadithi za watoto wetu

Wamama wa chama, na ninyi wababa mnaosoma gazeti hili mkingojea bukari, juma hili tunaomba tuongee juu ya hadithi.

Hapa Kinsevere, jioni umeme ukirudi, nyumba moja yenye televisheni inapokea watoto wa nyumba kumi. Wanatazama filamu za Nigeria, wanatazama Harry Potter kwa Kifaransa. Umeme ukikataa, wanamgeukia nkambo, naye anawatolea hadithi za zamani. Sisi walimu tunayasikia yote asubuhi, maana mtoto hawezi kukaa na hadithi bila kuisimulia. Na tumeona jambo moja linarudi kila mara: mtu ana shida, anakwenda kwa mfumu, na mfumu anamtuma kitu kigumu, tena cha ajabu. Lete moyo wa mnyama fulani. Lete unywele. Lete maji ambayo hakuna mtu aliyeyachota.

Kwa nini hadithi zinapenda vitu hivyo? Na vinamfundisha nini mtoto anayesikiliza? Jibu si moja kwa hadithi zote, ndiyo maana tunaandika.

Tuanze na kima. Askofu Edward Steere aliikusanya hadithi hii Zanzibar na kuichapisha London mwaka wa 1870, lakini ni ya zamani zaidi, maana hata Wahindi wanayo, ila kwao ni mamba badala ya papa. Kima anakaa juu ya mkuyu kando ya bahari, anamtupia rafiki yake papa matunda. Siku moja papa anamwalika kwao, anampandisha mgongoni. Walipofika katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima halii. Anasema, ah, kwa nini hukuniambia tungali pwani? Sisi kima tukisafiri mioyo yetu tunaiacha mtini. Papa anamrudisha, kima anaruka juu ya mti, na urafiki umekwisha.

Angalieni dawa imefanya kazi gani hapo. Haikumponya mtu. Imefunua tu nani ni rafiki na nani si rafiki. Watoto wa mwaka wa pili wanalielewa hilo bila kuelezwa, wanamcheka papa mpaka wanashika matumbo.

Hadithi ya pili inasimuliwa kwa Waethiopia, na tungependa kila mama anayelea mtoto asiyemzaa aijue. Mwanamke ameolewa na mume aliyefiwa na mke, mwenye mtoto wa kiume. Anampikia mtoto, hali. Anamshonea nguo, hazivai. Akimsemesha, mtoto anakimbia. Mama yule anakwenda kwa mfumu kuomba dawa ya kupendwa. Mfumu anasema, dawa ipo, lakini niletee sharubu moja ya simba aliye hai.

Mwingine angerudi nyumbani akilia. Yeye ananunua nyama. Siku ya kwanza anaiweka mbali na pango, anaondoka. Kesho yake anaisogeza kidogo. Majuma yanapita, miezi inapita, simba anazoea harufu yake, anazoea hatua zake. Mwishoni anakula mama akiwa ameketi karibu, na siku moja, akiwa ameshiba na kusinzia, mama anang'oa sharubu moja taratibu. Anakimbia nayo kwa mfumu. Mfumu anaitazama, anaitupa motoni. Mama anapiga kelele: dawa yangu! Mfumu anamwuliza, simba alikukubali namna gani? Basi mtoto ni mkali kuliko simba?

Tuliisoma darasani, tukauliza: dawa ilikuwa nini? Wengi walisema, nyama. Msichana mmoja wa nyuma akasema, ni zile siku. Hatukuongeza kitu.

Katika hadithi ya namna hiyo, ugumu wa kitu anachotumwa mtu ndio njia yake. Anayetafuta ndiye anayelipa: anatembea, anaogopa, anangoja, anarudi akiwa mtu mwingine. Ingekuwa mfumu ametuma unga na chumvi, hadithi ingeisha mlangoni.

Lakini kigumu kwa mmoja ni kitu cha kila siku kwa mwingine. Kwenye pwani ya Kenya wanasimulia juu ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi ambaye mkuki haukumwua wala mshale. Kitu kimoja tu kilimweza: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Mfalme wa Pate aliyemwogopa alimshawishi mtoto wa Liyongo mwenyewe aulize siri ile, na baba akamwambia mtoto wake, ingawa alishajua moyoni kwamba ametumwa. Akachomwa usingizini. Alitoka na upinde wake akafa amepiga magoti karibu na kisima, na kwa siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji, maana walidhani ni mzima.

Watoto wa Kinsevere waliposikia neno shaba walicheka sana. Shaba! Jimbo letu lote liliitwa Shaba wakati wa Mobutu. Malori yaliyojaa shaba yanatupita kila siku yakielekea Kasumbalesa, na mababa wa nusu ya darasa wanaila vumbi lake. Mvulana mmoja akasema, basi Liyongo angekuja huku kwetu asingemaliza hata siku mbili.

Wazee wetu nao walikuwa na hesabu yao. Waluba wanaita bijimba, Wabemba wanaita ifishimba, vile vitu vinavyotiwa ndani ya dawa ili iwe na nguvu: ukucha, unyoya, mfupa, udongo wa mahali fulani. Mawazo yake ni kwamba kitu kinaazima tabia ya kile kilikotoka. Mmisionari W.F.P. Burton, aliyekaa miaka mingi katika nchi ya Waluba, aliandika kitabu kizima juu ya dini na uganga wao, kikatoka Tervuren mwaka wa 1961. Kukubali ni jambo lingine, lakini mtu akisoma Harry Potter anakuta hesabu ileile. Kuna dawa ambayo kwa Kifaransa inaitwa Polynectar. Anayeinywa anageuka kuwa mtu mwingine kwa muda, na ndani yake ni lazima atie kipande cha mtu yule, kwa mfano unywele. Hermione alitia unywele wa paka bila kujua, akaota manyoya usoni. Watoto wanapenda sana pale.

Ndani ya vitabu hivyohivyo kuna jiwe linalotoka tumboni mwa mbuzi, bezoari, linaloshinda sumu. Hilo halikutungwa. Kweli watu wa Ulaya walilinunua kwa bei ya dhahabu. Katika karne ya 16, Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, hakuamini. Mpishi mmoja aliyeiba vyombo vya fedha alikuwa amehukumiwa kunyongwa, wakamwambia: kunywa sumu, kisha upewe jiwe hili, ukipona uko huru. Maskini alikubali. Alikufa kwa maumivu makali baada ya saa chache. Habari hii tunawapa wakubwa wa darasa la mwisho, wale wanaosema, mwalimu, labda inafanya kazi.

Sasa tufike mahali penye uzito.

Shakespeare, Mwingereza, aliandika mchezo wa Macbeth karibu na mwaka wa 1606. S.S. Mushi wa Tanzania aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1968. Walozi watatu wanapika chungu chao jukwaani, wakitia mguu wa mjusi, bawa la bundi, jino la mbwa mwitu, tumbo la papa. Mtoto anacheka na kukunja pua. Lakini ndani ya chungu kile kuna pia ini la Myahudi, pua ya Mturuki, midomo ya Mtatari, na kidole cha mtoto mchanga. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290. Wengi waliokaa kutazama mchezo ule hawakuwahi kukutana na Myahudi hata mmoja. Ndiyo maana iliwezekana kumweka chunguni pamoja na mjusi: hakuwa jirani wa mtu.

Filamu za Nigeria nazo zina jambo hilo. Ile iliyofungua njia, Living in Bondage ya mwaka wa 1992, inamwonyesha Andy, mume asiye na pesa, anayeingia katika kikundi cha siri. Wanamwambia alete mtu ampendaye. Anamleta mke wake. Utajiri unakuja, na roho ya mke nayo inakuja, mpaka Andy anachanganyikiwa. Waliotunga filamu ile walitaka kumhukumu Andy, hilo ni wazi kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka tisa anayelala kabla ya mwisho, kinachobaki kichwani ni gari na nyumba.

Tunasema hivyo kwa sababu tuliona. Katika masomo mamoja ya huku kwetu kuna msichana mwenye ualbino, yule ambaye wengine wanamwita ndundu. Siku moja, wakati wa kuandika, mvulana aliyeketi nyuma yake alimkata nywele kwa wembe wa kuchongea penseli. Si kwa ugomvi. Alizifunga katika karatasi akaziweka ndani ya kiatu, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na mpira na alitaka kufunga goli. Tulipomwuliza ameyatoa wapi, alisema, katika filamu.

Mvulana yule si mbaya. Aliomba msamaha, mama yake akaja naye. Lakini mama wa msichana hakusema lolote kwa muda mrefu. Kisha alisema: leo ni nywele. Tangu siku ile binti anakuja na kitambaa kichwani kimefungwa kwa mafundo mawili.

Mama yule anajua analoogopa. Nchini Tanzania, hasa upande wa Ziwa Victoria, kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino, wakiwamo watoto, waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu waganga waliwaambia wateja kwamba viungo vile vinaleta utajiri. Mwaka wa 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mama mwenye ualbino, aingie bungeni. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 13 Juni kuwa siku ya watu wenye ualbino. Hadithi ya dawa iliyotaka kiungo cha mtu ilitoka mdomoni ikashika panga.

Kwa hiyo tunaeleza darasani bila kuzunguka. Rangi ya ngozi yetu inaletwa na kitu mwilini kinachoitwa melanini. Baba mweusi na mama mweusi wanaweza wote wawili kubeba, bila kujua, upungufu wake, na hapo katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 kwamba mtoto atazaliwa na ualbino. Mama hakukosa kitu, wala hakulala na mzungu wala na pepo. Mtoto huyo anahitaji kofia pana, mikono mirefu, kivuli wakati wa mapumziko, maana jua linaweza kumletea kansa ya ngozi. Macho yake ni dhaifu, akae mbele karibu na ubao. Nywele zake ni nywele.

Na tusimgeukie mtoto kwa upande mwingine. Mtoto akitwanga majani na chura mfu ndani ya kopo, akisema ni Polynectar, anacheza. Mnawishe mikono. Tumesikia jirani akisema, huyo ni mlozi, apelekwe akaombewe. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya 2009 ya kulinda watoto inatoa adhabu ya kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayefanya hivyo. Mtoto aliyeitwa mlozi nyumbani kwao mara nyingi anaishia njiani Lubumbashi, na huko hakuna anayemsimulia hadithi.

Je, tufunge televisheni? Hapana. Tukae nao kidogo. Wakati mfumu wa filamu anapotuma kitu, uliza tu, huku ukichambua maharagwe: nani analipa? Yule mama wa simba alilipa mwenyewe. Papa alitaka kima alipe. Andy alimtoa mke wake. Watoto wanaujua mchezo huu upesi, hata wanaanza kumwuliza nkambo.

Darasani tulifanya zoezi. Kila mtoto aandike dawa yake ya hadithi, yenye vitu vitatu vigumu kupatikana, kwa sharti kwamba hakuna kinachotoka kwenye mwili wa mtu wala kinachomwumiza mwingine. Tumepata karatasi arobaini na tatu. Mmoja alitaka tone la kwanza la mvua ya mwezi wa kumi, kabla halijagusa bati. Mmoja, kivuli cha lori linalokwenda mbio. Mtoto wa mchoma makala aliandika: moshi wa tanuru usiowasha macho. Msichana wa kitambaa aliandika: jua lisilochoma, likiwa katika chupa, na kizibo chake.

Mvulana mmoja alitaka kucha za mwalimu. Tumemrudishia karatasi aanze upya.