Bukavu: Waliomaliza chuo kikuu wawaambia wadogo zao wasingoje ONG peke yake

Poda nyeupe ya siku ya kutetea memwari haikai kichwani hata siku mbili. Baada yake, kijana aliyemaliza chuo kikuu mjini Bukavu anaanza kuzunguka na bahasha mkononi: barua ya kuomba kazi, CV, nakala ya diploma, karatasi ya mwenendo mwema, kadi ya ONEM. Kwa miaka mingi bahasha hizo zilielekea karibu mahali pamoja, kwenye ofisi za mashirika yasiyo ya kiserikali, yale ambayo kila mtu huku anayaita ONG. Leo wale waliotangulia wanawaambia wadogo zao walio bado vyuoni kwamba njia hiyo imekuwa nyembamba, na kwamba anayeitegemea peke yake anaweza kukaa nyumbani miaka.

Mazoea hayo yana historia. Mwaka 1994 wakimbizi zaidi ya milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuingia Kivu, na mashirika ya misaada yakaja nyuma yao. Vita vya 1996 na vya 1998 viliyafanya yabaki. Yalihitaji wahasibu, madereva, wauguzi, watu wa logistiki, watu wa kufanya anketa vijijini. Yalilipa kwa dolari, tena mwisho wa mwezi, jambo ambalo serikali haikuweza kulihakikisha. Wazazi waliona jirani akijenga nyumba kwa mshahara wa ONG, na mtoto akapelekwa kusoma maendeleo ya vijijini, afya ya jamii, mazingira au usimamizi, akijua tayari ni mlango gani atakwenda kuubisha.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. Mwezi wa kwanza, Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ilisimamisha pesa zake, na miradi mingi ikafungwa katikati. Wiki zilezile, waasi wa AFC/M23 waliingia Goma, kisha Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Benki zilifunga milango. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama. Waliokuwa na kandarasi waliambiwa warudishe kompyuta na funguo za ofisi. Kwa kijana anayetoka chuoni, hiyo ina maana moja: nafasi chache zinazotangazwa anazigombania na baba wa familia mwenye uzoefu wa miaka kumi, ambaye naye amekubali kupunguziwa mshahara.

Kazi nyingine zipo, lakini kila moja ina mlango wake mgumu, na ni vizuri mwanafunzi aujue mapema kuliko kuukuta mwisho. Aliyesomea ualimu atapata darasa haraka. Mshahara ni jambo lingine. Shule nyingi zina walimu wanaoitwa N.U., ambao wanafundisha miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo ya serikali. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwezi wa tisa 2019, mwalimu wa N.U. wa shule ya msingi hana tena haki ya kutegemea pesa ya wazazi. Daktari mpya lazima aandikishwe kwenye Chama cha Madaktari, na wengi wanafanya kazi hospitalini bila mshahara wa serikali, wakigawana kile kidogo kinacholipwa na wagonjwa. Aliyesoma sheria akitaka kuwa wakili ana staji ya miaka miwili kwenye baraza la mawakili, na kuna ada za kulipa kabla hajapata mteja hata mmoja. Familia inayofikiri mzigo umeisha siku ya kupewa diploma inashangaa kuona bado inaombwa pesa ya usafiri na ya suti.

Ndiyo maana shauri linalorudiwa zaidi na waliomaliza linahusu staji. Wanasema wanafunzi wengi wanaifanya kama kazi ya kupata saini: wiki chache ofisini, ripoti iliyonakiliwa kwa rafiki wa mwaka uliopita, kisha kwaheri. Aliyepata kazi mara nyingi ni yule aliyerudi likizo iliyofuata bila kutumwa na chuo, akakubali kupanga makaratasi, akajifunza Excel kwa mhasibu wa hapo. Siku kiongozi anapohitaji mtu wa miezi mitatu, hatafuti bahasha kwenye rundo, anampigia simu yule anayemjua. Watu wanaita hilo kuwa na mwavuli, na ni kweli kwamba wengine mwavuli wao ni mjomba tu. Lakini mwenye mjomba asiye mkubwa anaweza kuutafuta kwa njia hiyo ya staji, ingawa inachukua muda.

Memwari nayo. Anayechagua mada kwa sababu vitabu vyake viko tayari kwenye maktaba anamaliza haraka na kusahaulika haraka. Anayekwenda kuuliza wauzaji wa soko la Kadutu au wavuvi wa ziwa Kivu anatoka akijua kufanya anketa kwa simu kwa kutumia Kobo, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya malipo kwa vijana wengi: kuuliza maswali vijijini kwa siku tano au kumi, kwa malipo ya siku. Ni pesa kidogo. Inaandikwa hata hivyo kwenye CV chini ya neno uzoefu, neno ambalo kila tangazo linalidai.

Wengine wanashauri kuongeza ufundi juu ya diploma. Taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, INPP, iliyoundwa mwaka 1964, inafundisha umeme, mabomba, makanika, ushonaji na mengine kwa muda mfupi. Bado kuna aibu ndani yake. Mwenye lisansi hapendi kuonekana na spana mkononi mbele ya wale waliompongeza. Aibu hiyo haidumu mbele ya kodi ya nyumba.

Msichana mmoja aliyesoma kilimo alipita njia kama hiyo. Staji yake aliifanya kwa mfugaji wa kuku upande wa Kabare. Aliona kwamba kuku wa mayai walilishwa pumba na mahindi karibu peke yake, na chakula kizuri kilinunuliwa nje ya mipaka kwa bei iliyopanda kila barabara ilipofungwa. Darasani alikuwa amejifunza kwamba kuku wa mayai anahitaji protini ya kama asilimia 16 mpaka 18, na chokaa ya kutosha ili ganda la yai lisivunjike ovyo. Alipokosa kazi baada ya kuomba sehemu nyingi, alianza kuchanganya mwenyewe: mahindi, pumba, soya, ndagala wa kusaga, chokaa. Soya aliikaanga kwanza, kwa kuwa soya mbichi inamzuia kuku kutumia protini anayokula, jambo ambalo wauzaji wengine hawalijui.

Kosa lake halikuwa la kilimo. Aliuza kwa deni kwa majirani na kwa watu wa kanisa, na mtaji ukaisha kabla ya mwezi wa tatu. Alianza upya kwa pesa ya likelemba, na safari hii mfuko unatoka baada ya malipo kuingia kwenye simu. Wanafunzi wa kilimo wanaomtembelea anawaambia kwamba chuoni walimfundisha kulisha kuku, ila hakuna aliyemfundisha kumnyima shangazi yake deni.

Mfano kama huo hautoshi kumwambia kila kijana ajiajiri. Neno hilo linasemwa kwa urahisi sana kwenye semina, na watu wenye mshahara, kwa vijana ambao benki haiwezi kuwakopesha hata ikiwa wazi. Ni wachache wenye mzazi wa kuwalisha mwaka mzima wakati biashara inajifunza kutembea.

Kuna pia maonyo. Matangazo ya uongo yanapita kwenye WhatsApp na alama za mashirika makubwa, yakiomba dolari chache kwa M-Pesa au Airtel Money kwa ajili ya dosie. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na ONG za kweli haziombi pesa kwa mtu anayetafuta kazi. Anayeziomba ni mwizi. Wasichana wanasema kuna pia wanaoomba kisicho pesa. Mashirika makubwa yana namba na anwani za kupeleka malalamiko hayo kwa siri, na waliotangulia wanawashauri wadogo zao kutunza ujumbe wote walioandikiwa, bila kufuta hata mmoja.

La mwisho linawahusu walioanza chuo tangu mwaka wa masomo 2021-2022, chini ya mfumo wa LMD. Lisansi yao ni ya miaka mitatu, wakati lisansi ya zamani ilikuwa ya miaka mitano, na matangazo mengi bado yanaandika L2 au miaka mitano baada ya diploma ya serikali. Wengine wamekataliwa bila kujua kwa nini. Wanashauriwa kuuliza mwajiri kabla ya kuweka dosie, na kuambatanisha karatasi ya chuo inayoeleza kiwango chao.

Yule msichana wa chakula cha kuku bado anaomba kazi ya ONG. Anaandika barua zake usiku, baada ya kufunga duka.